Mbu Hajui Damu Tamu, Anafuata Harufu

Jioni watu wanapoketi barazani kupunga upepo, hakosekani mmoja anayejipiga makofi miguuni huku wenzake wametulia. Watamcheka: "Wewe damu yako tamu!" Naye hukubali kwamba hiyo ndiyo bahati yake, na mwanawe akishikwa na homa husema ni mambo ya kawaida. Leo tuizungumzie imani hii, maana inatugharimu.

Mbu hawezi kuijua ladha ya damu yako kabla hajakuuma. Anachokijua ni harufu. Anayeuma ni mbu jike, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Kichwani ana vipapasio vyenye vinyweleo vya kunusia. Kwanza hunusa hewa ya kabonidayoksaidi tunayoitoa tunapopumua, akajua kwamba upande ule yupo kiumbe hai. Akisogea hunusa amonia na asidi ya laktiki zilizomo katika jasho, pamoja na asidi nyingine zinazotengenezwa na vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi. Vijidudu hivyo havilingani kwa kila mtu. Ndiyo maana harufu zetu hutofautiana, na mbu huchagua.

Katika miaka ya 1990, wataalamu wawili wa Uholanzi, Ruurd de Jong na Bart Knols, walionyesha kwamba mbu wa malaria wa Afrika, Anopheles gambiae, hupendelea kuuma miguuni. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua vijidudu, mbu walihamia sehemu nyingine za mwili. Hata jibini ya Limburger, inayonuka kama miguu, iliwavuta.

Basi, kama harufu ndiyo inayomleta mbu, harufu hiyohiyo inaweza kumponza. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, hapa Tanzania, wakiongozwa na Fredros Okumu, walitangaza mchanganyiko wa kemikali unaoiga harufu ya binadamu. Ulipowekwa katika kibanda kimoja na mtu akalala katika kingine, ulivuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu. Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria upande wa Kenya, mitego ya harufu inayoendeshwa kwa nguvu ya jua ilifungwa katika nyumba za wanakijiji. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa maambukizi ya malaria yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30 miongoni mwa waliokuwa na mitego.

Lakini tusishangilie mapema. Watafiti wa Ifakara waliona pia kwamba mtu na chambo wakiwa ndani ya kibanda kimoja, chambo hakimshindi tena mtu. Na watu wa Rusinga hawakuacha vyandarua vyao. Mtego uliongezwa juu ya chandarua.

Kwa hiyo, msikilizaji, huwezi kuacha kupumua wala kutoa jasho, na kunawa miguu peke yake hakutoshi. Unachoweza ni kuweka kizuizi kati ya harufu yako na mbu: chandarua chenye dawa, kila usiku, kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Na mtoto akipata homa, apelekwe akapimwe siku hiyohiyo. Tusimwache augue kwa kisingizio cha damu tamu.