Kindu: Jamaa akifika kwa treni, watu wa Alunguli wanauliza kwanza hali ya maji

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, una komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa mto Lualaba. Alunguli iko peke yake ukingo wa kulia. Stesheni ya treni na uwanja wa ndege viko kushoto, na daraja hakuna. Mkaaji wa Alunguli anayetembelewa na jamaa lazima avuke kwenda kumpokea.

Nilifanya hivyo kiangazi kilichopita. Mama yangu mkubwa alikuja kutoka Kongolo kumuona mtoto wetu mchanga. Reli ya Kongolo hadi Kindu, kilomita 355, ilimalizika mwaka 1910, na hadi leo inaunganisha jamaa nyingi za Maniema na Tanganyika. Lakini kwa sisi wa Alunguli, safari ya mgeni haiishii stesheni.

Wakati wa mvua, mvushaji anapanda kwanza kando ya ukingo, kisha anaingia katikati na kuacha mkondo umsukume hadi kwenye kivuko cha ng'ambo. Kiangazi hesabu hiyo haitoshi. Maji yanapungua, mafungu ya mchanga yanatokea, na mtumbwi unapita kwa kuzunguka. Mvushaji anasoma maji: yakicheza-cheza juu, mchanga uko karibu, yakitulia na kuwa meusi, kuna kina. Akiwa na shaka anashusha upondo. Mitumbwi yenye mota ni ya haraka, lakini mahali penye maji machache mota inagonga mchanga.

Mama mkubwa alishuka na magunia mawili ya karanga na unga, pamoja na kuku. Jua lilikuwa limeshainama. Mvushaji akasema magunia yangoje safari ya pili, kwa kuwa mtumbwi mzito unazama chini na kukwama. Mama alikataa, akihofia wizi. Tulibishana mpaka nikakubali kulipa mara mbili na mdogo wangu akabaki kulinda mizigo.

Hata hivyo tulikwama. Vijana wawili walishuka kusukuma, maji yakiwafika magotini. Mvushaji aliwaonya wasiachilie mtumbwi, kwa sababu fungu la mchanga linaisha ghafla: hatua moja iko magotini, inayofuata haina chini, na mkondo ni mkali. Ndani ya mtumbwi hakuna aliyevaa jile. Mama mkubwa, asiyejua kuogelea, alishika kingo kwa mikono miwili bila kusema neno.

Tulifika giza likianza. Kama tungechelewa kidogo, tungelala Kasuku, kwani usiku maji hayasomeki. Kwa mgeni huo ni usumbufu tu. Kwa mgonjwa anayepelekwa ng'ambo, au mama mwenye uchungu wa kuzaa, ni jambo jingine.

Mpaka siku daraja litakapopatikana, kila familia hapa ina kanuni zake: wazee wakae chini katikati, mizigo ipite peke yake, watu wavuke kabla ya saa kumi na moja, na kuwe na jamaa upande wa pili wa kulala kwake.

Mama mkubwa alikaa kwetu wiki mbili. Siku ya kurudi, alituamsha alfajiri, wakati treni ilikuwa ya mchana.