Karani wa Ushirika na Chama cha Wafanyakazi

Katika vyama vya msingi husikika mara nyingi hoja kwamba penye ushirika hapana haja ya chama cha wafanyakazi, kwa kuwa ushirika ni mali ya wote. Hoja hiyo haina msingi katika sheria. Mkulima mwenye hisa ni mwenye mali. Karani, mpima mazao na mlinzi wa ghala ni waajiriwa, na bodi ndiyo mwajiri wao. Hata karani akiwa na shamba na hisa, awapo mezani pake ni mwajiriwa.

Zamani jambo hili halikuwa na mjadala mkubwa. Sheria ya mwaka 1964 iliunda chama kimoja cha wafanyakazi nchini, NUTA, kikafuatwa na JUWATA mwaka 1978 na OTTU mwaka 1991. Sheria ya mwaka 1998 ilifungua njia ya vyama mbalimbali. Hatimaye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ikaeleza kwamba mfanyakazi ana haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, wala asibaguliwe kwa kujiunga au kwa kutojiunga.

Linalozitia bodi hasarani ni ada. Mfanyakazi akijaza fomu iliyowekwa na kuidhinisha makato, mwajiri hana hiari: atakata, na kuipeleka ada kwa chama husika ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Fedha hiyo si ya ushirika, ijapokuwa imo kasikini mwake. Msimu wa ununuzi, fedha zikipungua, wapo watunza hazina wanaoiazima kununulia magunia, wakinuia kuirudisha mazao yakiuzwa. Azima hiyo ni ghali kuliko mkopo wa benki. Akichelewa bila sababu ya kuridhisha, mwajiri hulipa ada yenyewe pamoja na asilimia 5 yake kwa kila siku ya kuchelewa. Ada ya shilingi 40,000 huzaa shilingi 2,000 kwa siku. Siku ya 20 deni limefikia 80,000. Watakaolilipa ni wakulima, ambao hawakuulizwa.

Mfanyakazi akitaka kusimamisha makato, hutoa notisi ya maandishi ya mwezi 1 kwa mwajiri na kwa chama chake. Kumnong'oneza meneja hakutoshi.

Kuhusu uwakilishi, idadi ndogo si kisingizio. Mahali pa kazi penye wanachama 1 hadi 9 wa chama cha wafanyakazi pana mwakilishi 1. Wakiwa 10 hadi 20, wawakilishi ni 3, isipokuwa mkataba wa hali bora umeeleza vingine. Kazi yao mojawapo ni kumsimamia mwenzao aitwapo kujibu shauri la nidhamu.

Meneja mwenye madaraka ya kutunga sera na kutia sahihi mkataba wa hali bora kwa niaba ya mwajiri haruhusiwi kuwa katika chama kimoja na makarani walio chini yake.