Amechoka, ingawa hashiki jembe

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ilinijia Desemba iliyopita nyumbani kwetu Kangema, mdogo wangu alipofika kutoka Nairobi kwa sikukuu ya Krismasi. Alilala siku mbili mfululizo. Akiamka ni kula tu, kisha anarudi kitandani. Siku ya tatu aliketi barazani akamwambia baba kwamba angependa kuacha kazi.

Baba alikuwa ndipo tu ametoka kupeleka majani chai kituoni. Alitua kapu lake tupu, akamtazama kijana wake kwa muda.

"Mwanangu, wewe hufanya kazi ukiwa umeketi," alisema. "Mvua haikunyeshei wala jua halikuchomi. Umechoshwa na nini?"

Mdogo wangu hakuwa na jibu. Aliinamisha kichwa tu, na mimi niliyeketi karibu naye niliona machozi yakimlengalenga, mwanamume mzima wa miaka 31.

Swali la baba linaulizwa katika nyumba nyingi siku hizi. Mzazi aliuza ng'ombe ili mtoto asomee kompyuta. Mtoto akapata kazi ya kuonewa fahari, akaanza kuwalipia wadogo zake karo. Leo anasema amechoka. Je, huo si uvivu?

KAZI ISIYOJUA USIKU

Ili tulijibu swali hilo, hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mdogo wangu hutunga programu katika kampuni moja inayoshughulikia malipo kwa njia ya simu. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mnamo Machi 2007, Wakenya wamezoea kutuma pesa saa yoyote. Mtu hununua umeme saa sita za usiku na kulipa nauli ya matatu alfajiri. Mitambo ikikwama saa nane za usiku, hapana budi mtu aamke airekebishe. Majuma mawili katika kila mwezi, mtu huyo alikuwa mdogo wangu.

Isitoshe, wakubwa wake wako California, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa saa kumi au kumi na moja, kutegemea majira ya mwaka. Wao wanapoingia ofisini saa tatu asubuhi, Nairobi ni saa moja au saa mbili za usiku. Wakati majirani wanakula chajio, yeye ndipo anaanza mkutano kwenye kompyuta.

"Mwanzoni niliipenda sana kazi hii, dada," aliniambia usiku huo tukiwa jikoni. "Siku hizi simu ikilia, hata akiwa ni mama, moyo hunidunda. Kosa dogo nililokuwa nikilirekebisha kwa nusu saa sasa hunichukua siku nzima. Na linalonitisha zaidi ni kwamba sijali tena."

SI UVIVU

Hali hii haikuanza jana. Mnamo 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu yake baada ya kuiona miongoni mwa watu waliojitolea kuhudumu katika zahanati za bure, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Hawakuwa wavivu. Walikuwa watu wenye bidii ya kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani nalo liliieleza mwaka wa 2019 katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Halikuiita ugonjwa, bali hali inayoletwa na mfadhaiko wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Lilitaja dalili tatu: kuishiwa na nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na utendaji kazi kudorora. Ukiyarudia maneno ya mdogo wangu pale jikoni, utaona kwamba alikuwa nazo zote tatu.

Hata hivyo, mtu asijifanye daktari. Ikiwa huzuni inakufuata hata ukiwa mbali na kazi, au unawaza kujidhuru, usingoje likizo. Nenda hospitalini mara moja na umweleze mtu wa karibu nawe.

USIANDIKE BARUA UKIWA UMECHOKA

Kijana wetu alikuwa amekwisha kuamua. Angejiuzulu Januari, arudi Kangema, afuge kuku wa mayai. Mama, ambaye amefuga kuku miaka mingi, alicheka.

"Kuku nao wana usiku wao," alisema. "Mwaka juzi ugonjwa ulinimalizia kuku wote katika juma moja. Njoo ufuge, lakini usije kwa kukimbia."

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu aliyechoka huona kila kazi ya mwenzake kuwa nafuu, kumbe kitanda hicho nacho kina kunguni wake. Kabla ya kuacha kazi, ni lazima ujue ni kitu gani hasa kilichokuchosha: ni ufundi wenyewe, au ni namna unavyotumikishwa?

Usiku huo tulichukua karatasi tukaigawa katikati. Upande mmoja mdogo wangu aliandika yanayomchosha, upande wa pili yale ambayo angeyakosa akiondoka. Upande wa kwanza ulijaa: simu za usiku, mikutano ya jioni, mkubwa anayetuma maagizo Jumapili, miaka miwili bila likizo. Upande wa pili aliandika mambo mawili tu: kutunga kitu kipya kikafanya kazi, na kuwafunza vijana wanaojiunga na kampuni. Aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Kompyuta haikuwa adui yake.

Baadhi ya yaliyomchosha yana dawa katika sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12, na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Likizo si hisani ya mkubwa. Hata hivyo, wale wanaolipwa kwa kila kazi bila kuajiriwa wasome mikataba yao vizuri, kwani huenda wasipate kinga hiyo.

Na ukiona ni lazima uondoke, piga hesabu kwanza. Kampuni kubwa za nje zenyewe zimepunguza watu: Meta ilitangaza mnamo Novemba 2022 kwamba ingeachisha kazi zaidi ya watu 11,000, na Google ikatangaza 12,000 Januari iliyofuata. Kwa hivyo usitegemee kupata kazi nyingine kesho yake. Weka akiba ya kukimu nyumba kwa miezi kadhaa. Ikiwa una mkopo wa sacco, kumbuka kwamba ukishindwa kuulipa, wadhamini wako ndio watakaokatwa. Wanaolipiwa karo nawe pia waambiwe mapema, wasije wakashtukia wamerudishwa nyumbani.

Kubadilisha kazi nako si lazima kuwe kutupa elimu uliyo nayo. Hospitali, shule, benki na serikali za kaunti zote zinahitaji watu wanaoijua kompyuta, na ofisi nyingi kati ya hizo hufunga milango jioni. Vyuo vya ufundi navyo vinahitaji walimu.

ALIVYOFANYA

Mdogo wangu hakuandika barua. Alidai likizo yake, akakaa Kangema majuma matatu. Asubuhi alikuwa akiandamana na baba kuchuma chai, na baba alistaajabu kuona kijana huyo akiacha simu yake nyumbani. Aliporudi Nairobi aliomba apunguziwe zamu za usiku. Walikubali nusu ya ombi lake: sasa anazo juma moja tu kwa mwezi. Jumamosi hufundisha katika chuo kimoja, kwa malipo madogo, ili aone kama ualimu utamfaa. Amejipa mpaka mwisho wa mwaka kuamua. Huenda bado akaondoka, lakini hatakuwa akikimbia.

Nasi wazazi na ndugu tuna sehemu yetu. Kijana anayetuma pesa kila mwisho wa mwezi huogopa kusema amechoka, kwa sababu anajua ni wangapi wanaomtegemea. Zamani baba akimpigia simu, swali la kwanza lilikuwa kama mshahara umeingia. Siku hizi humwuliza kwanza, "Jana ulilala?"