Nyumba ya kulipisha: vyumba vitatu vizuri vinashinda sita vibovu

Hapa Kolwezi, mfanyakazi wa mgodi akipata dekonte yake ya mwisho, wazo la kwanza ni kujenga nyumba ya kulipisha. Si wazo baya. Mu 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ile operesheni ya « départs volontaires », wengi walijifunza kwamba pesa ya mkononi inaisha mbio. Nyumba inabaki. Lakini nyumba gani?

Ndugu mmoja tuliyefanya naye kazi alijenga vyumba sita mu lupango yake. Nilimuuliza juu ya fondasio. Akanijibu: « Kaka, batu banatafuta nyumba kila siku. Hata ujenge namna gani, bataingia tu. » Akaweka matofari mabichi, manjanja nyembamba, choo kimoja kwa familia sita, konta moja ya umeme.

Watu waliingia kweli. Garanti zao akazitumia kumaliza paa. Kisha mvua ikaanza. Mama mmoja akamwambia: « Papa, mayi inaingia mpaka ku kitanda ya batoto. » Kufika Januari, familia nne zilikuwa zimehama na zinadai garanti yao. Pesa ilikuwa imekwisha kuliwa. Kesi ikafika kwa shefu wa kartie, na ndugu yetu akauza pikipiki ili alipe.

Tupige hesabu. Tuseme vyumba sita, dola 40 kila kimoja: ni 240 kwa mwezi, 2.880 kwa mwaka. Lakini kila chumba kikikaa wazi miezi minne, zinabaki 1.920. Toa tena pesa ya kutengeneza ukuta na paa. Sasa, pesa ileile ijenge vyumba vitatu vizuri vya dola 60: ni 180 kwa mwezi, na vikikaa na watu mwaka mzima, ni 2.160. Mwezi wa nyumba kuwa wazi njo unakula faida, kuliko simenti.

Uzuri ninaosema si karelaji wala rangi. Ni fondasio iliyoinuka juu ya njia ya maji. Ni matofari ya kuchoma; udongo wa vichuguu vyetu unayatoa mazuri. Ni paa linalotoka nje ya ukuta ili mvua isiupige. Ni choo kilicho mbali na kisima, tena upande wa chini. Na kila mpangaji awe na konta yake, juu ugomvi wa umeme unafukuza watu kama vile maji. Tazama kambi za wakati wa Union Minière, kabla ya 1967: nyumba nyingi zingali zimesimama na watu wanaishi ndani.

Sheria nayo tuijue. Ile ya Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Garanti si faida: ni mali ya mpangaji, iko kwako kwa muda tu. Andikeni mkataba, tembeeni pamoja mu vyumba siku ya kuingia, muandike hali ya kila mlango na kila dirisha. Siku ya kutoka hakuna kelele.

Kuna jambo moja linaniuma. Mu sendika tunamdai patron nyumba ao pesa ya nyumba, kwa sababu Kodi ya kazi ya 2002 inamlazimisha. Pesa ile ikitoka, inaenda wapi? Mara nyingi inaingia mfukoni mwa mfanyakazi mwenzetu mwenye nyumba ya kulipisha. Tukimpokea ndugu wa mgodi mu chumba chenye maji, kesho tutasimama mbele ya patron na uso gani?

Kwa hiyo, ndugu, ukipata dekonte, usihesabu milango. Kama pesa inatosha vyumba viwili vizuri, jenga viwili. Cha tatu kitajengwa na kodi ya hivyo viwili.