Ari Katika Miezi ya Kutafuta Kazi

Ari ya mtu anayetafuta kazi kwa muda mrefu huzungumzwa aghalabu kana kwamba ni suala la moyo peke yake, na ndiyo maana ndugu na jamaa humsihi asikate tamaa bila kumwonyesha ni kwa njia gani asiikate. Utafiti mmoja wa zamani unadokeza kwamba ari hushikiliwa zaidi na mpangilio wa siku na watu wanaomzunguka mhusika.

Utafiti huo ulifanyika Marienthal, kijiji cha Austria kusini-mashariki mwa Vienna, ambako karibu kila familia ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo hadi kilipofungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Ingedhaniwa kwamba watu waliopata muda tele wangesoma zaidi, lakini Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, waliochapisha matokeo yao mwaka 1933, waliona kuwa uazimaji wa vitabu katika maktaba ya wafanyakazi ulipungua kwa karibu nusu, ijapokuwa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Watafiti hao walitazama hata mwendo wa wapita njia: wanaume wengi walisimama mara kadhaa katika barabara moja fupi, kwa kuwa hawakuwa na pa kuwahi, ilhali wanawake, ambao bado walikuwa na kupika, kufua na kulea, walipita bila kukawia.

Kutokana na hayo, baadaye Jahoda alieleza manufaa fiche ya kazi, yaani yale ambayo mfanyakazi huyapata nje ya mshahara bila kuyatambua: kazi huigawa siku, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, humshirikisha katika lengo la wengi, humpa hadhi na humlazimisha kujishughulisha. Asiye na kazi hupoteza yote hayo kwa mpigo, na kumwambia ajikaze ni kumtaka afanye peke yake kilichokuwa kikifanywa na kiwanda kizima.

Kwa sababu hiyo, mhitimu wa Dar es Salaam au Nairobi anayemsaidia mjomba dukani, au anayeshika kibarua huku akisubiri kuitwa kwenye usaili, hana sababu ya kuona haya, maana shughuli hiyo humrudishia sehemu ya mpangilio alioukosa. Hatari ipo pale kibarua kinapomeza siku nzima. Utafutaji wenyewe unahitaji saa zake maalumu, na ni afadhali upimwe kwa yaliyo mikononi mwa mtafutaji, kama vile barua alizoziandika vizuri na watu aliowaona, kuliko kwa majibu ambayo huenda yasije kamwe.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliandaa mafunzo ya vikundi kwa watu waliopoteza kazi. Pamoja na mazoezi ya usaili, washiriki walitafakari mapema vikwazo ambavyo vingewakuta, mathalani kunyimwa nafasi au kutojibiwa, wakapanga watakavyofanya siku hiyo ikifika, kwa kufuata mantiki ileile ya chanjo. Waliopata ajira walipata zenye kipato bora, na hata waliobaki bila kazi waliendelea kutafuta kwa ari kubwa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupitia mafunzo hayo. Matokeo haya ya pili, ambayo ni rahisi kuyapuuza, ndiyo yenye uzito zaidi hapa.

Yapo pia madhara ya kujificha. Aibu humfanya mtu akwepe harusi, vikao vya ukoo na mikutano ya waliosoma pamoja, asije akaulizwa anafanya nini siku hizi. Hata hivyo, Mark Granovetter, mwanasosholojia aliyechunguza wafanyakazi wa Newton, karibu na Boston, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974, alibaini kuwa wengi waliosikia habari za kazi kupitia mtu waliambiwa na wale wanaoonana nao mara mojamoja au kwa nadra, kwa kuwa rafiki wa karibu hujua yaleyale anayoyajua mtafutaji mwenyewe, wakati mtu wa mbali huzunguka katika ofisi na mitaa mingine kabisa.