Vidonge vya vitamini D vinaongeza pumzi uwanjani?

Je, kijana anayecheza mpira hapa Baleni, Mafia, anahitaji vidonge vya vitamini D ili asiishiwe pumzi? Tuanze na jua. Ngozi ikipigwa na jua huitengeneza yenyewe, na samaki kama dagaa huongezea. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania, watu wanaoshinda juani. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huona 50 zinatosha.

Vitamini D husaidia mifupa na misuli, ikiwemo misuli ya kupumulia. Aliyepungukiwa anaweza kunufaika na vidonge. Kwa mwenye ya kutosha, hakuna ushahidi thabiti kwamba vinampa pumzi zaidi, na ikizidi mno huumiza figo.

Mchezaji anayekohoa au kifua kulia kama filimbi kila akikimbia, huenda ana pumu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya tafiti 20, hayakuona vitamini D ikipunguza mashambulizi ya pumu. Mzazi, usitangulie duka la dawa. Mpeleke kwanza kituo cha afya apimwe. Pumu ina dawa ya kuvuta, na wengi wenye pumu wanacheza vizuri tu.