Dereva wa Lori Ana Kikomo, Mwanafunzi wa Udaktari Je?

Lori zinapopanga foleni kutoka Malaba kurudi nyuma kuelekea Amagoro, dereva ana kinga moja ambayo wengi wetu hatuifikirii. Tangu mwaka 2012 sheria ya trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kama inafuatwa, hiyo ni hadithi nyingine. Lakini imeandikwa.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa udaktari aliyekesha wodini Busia, kaunti yenye malaria kali. Mtoto ana dripu, na kijana anahesabu matone huku akitazama saa yake. Hesabu inampotea, anaanza upya. Asubuhi darasa linamngoja.

Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mwaka 2004, huko Boston, madaktari wanagenzi waliofuata ratiba ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi kuliko zamu zao zilipofupishwa. Hao walikuwa wanagenzi wenye bidii, wala hawakuwa wazembe.

Kukosa usingizi ni sehemu tu ya tatizo. Tafiti huhusisha uchovu sugu wa kazi na mzigo mkubwa, karo isiyolipika, kutokuwa na sauti juu ya ratiba yako, na kukosa mkubwa wa kukusikiliza. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, halikuuita ugonjwa; liliuita matokeo ya msongo wa kazini uliokosa kudhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kujiona hufai kitu. Hiyo ya pili ndiyo mgonjwa huikuta kwanza. Anajibiwa kwa ukali dirishani, anaondoka akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Uchovu huo una jirani, sonona. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti za nchi 43 ulikuta dalili zake kwa takriban asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari. Kati ya hao, waliotafuta matibabu hawakufika hata mmoja kwa watano.

Kumwambia mwanafunzi huyu avumilie ni kumtwisha kosa la ratiba. Wasimamizi wa wodi na wakuu wa vyuo, anayekesha leo apewe kesho ya kulala.